Nilivyotangaza Kilo za Binti Yangu Zahanati

Hadi leo nikipita Mikumi karibu na ile zahanati natazama upande wa pili wa barabara, na ukinikuta hivyo, tafadhali usiniite jina.

Mimi kazi yangu ni kupima malori ya miwa kule Kidodi, mwaka wa kumi na moja huu, kwa hiyo mke wangu alipoanza kulalamika kwamba Rehema (binti yetu, alikuwa amerudi likizo kutoka chuo) hali chakula, na akila anakimbilia chooni kujitapisha, mimi bingwa wa mizani nikacheka, maana asiyekula si huwa mifupa mitupu, na huyu mwili upo? Nikasema tumalize ubishi, akapimwe.

Sista akampima, akapata kilo sitini na mbili, akalinganisha na urefu, akasema uzito wa kawaida, ila subiri kwanza nimuulize maswali. Nisubiri nini tena? Nikatoka nje, benchi limejaa watu, nikamtangazia mke wangu kwa sauti ya mnadani, "Sitini na mbili! Mgonjwa gani huyo?" Mzee mmoja mkulima wa miwa (shikamoo nilishampa, adabu ninayo bwana) akaniuliza kwa upole kama si mimi ninayewaambia kila msimu kwamba uzito wa muwa si sukari yake. Wakaangua kicheko. Mwenye akili angekaa kimya, lakini mimi nikamwita Rehema atoke wamwone wenyewe.

Akatoka, hatua tatu, akaanguka.

Sista akaja mbio, akaniuliza alipokwenda chuo alikuwa na kilo ngapi. Mpima malori mzima, sijui. Mama yake ndiye aliyejibu, themanini.

"Basi kumi na nane zimekwenda kwa miezi michache," sista akasema. "Mizani ya leo haiwezi kukuambia hilo, Baba. Mama yake alikuambia."

Rehema alipopata nguvu akaniangalia, akasema taratibu, benchi zima likisikia, "Baba, siku ile uliponisifu mbele ya wageni kwamba nimepungua nimependeza, ilikuwa siku ya tatu sijatia kitu mdomoni."

Hapo hakucheka mtu, na mimi niliumia, sifichi.

Anatibiwa sasa, polepole. Mimi nimeapa, mwili wa mtu siusifii tena, kanenepa au kapungua hayanihusu. Nikitaka kujua mwanangu anaendeleaje namuuliza mwenyewe, halafu (hapa ndipo kazi ilipo) nanyamaza mpaka amalize kusema.