Karani Aliyekuja Kukagua Umaskini Wetu

Mkasa huu naona aibu kuusimulia hata leo na mvi hizi, ila mmenibana, basi sikieni: mie mwenzenu nilikosa msaada wa serikali kwa kujifanya maskini, wakati maskini nilikuwa kweli.

Enzi za Mwingereza hizo, tunakaa Mtoni, mama mjane kutoka Upare anashona nguo za watu barazani, na mie nimepata nafasi chuo cha ualimu (msichana, enzi zile, msifanye mchezo). Ada hatuna. Serikali ilikuwa ikiwalipia wasiojiweza, lakini kwanza karani wa elimu anakuja nyumbani kuona kwa macho yake, na asiporidhika, chuo utakisikia kwa wenzio.

Siku ya siku mama kaenda sokoni, mie nadeki, nikavitazama viti vyetu vinne alivyoacha marehemu baba, nikaona hivi vitatuchongea. Nikavibeba kimoja kimoja nikavificha nyuma kwenye mihogo, nikatandika jamvi, tena lile lililotoboka (zima nililisukumia uvunguni). Nikajiona nina akili kweli.

Karani akaja na baiskeli, kaptula imenyooshwa pasi, soksi mpaka magotini. Nikamwamkia, nikamkaribisha jamvini, akaketi kwa taabu, akaandika kitu daftarini huku akitikisa kichwa kwa huruma. Mambo yakawa yanakwenda.

Ndipo Mama Saidi, jirani yetu ukuta kwa ukuta, alipochungulia akija kuomba kaa la moto. Kilichomleta karani hakukijua, alichoona ni mgeni wa serikali kakalishwa chini! Akanivuta pembeni, akaninong'oneza.

"Mwanangu, viti viko wapi? Mmeuza? Mmefika huko na jirani yenu hamniambii?"

Ningesema kweli pale pale yangeisha. Lakini karani yuko hatua tatu, nikaogopa nikifungua mdomo atasikia, nikaitikia kwa kichwa. Mama Saidi machozi yakamlenga, akajifunga kanga kiunoni, akatoka.

Haukupita muda kikaingia kiti, kikafuata kingine, ikaja meza, ikaja saa ya ukutani, ikaja santuri kichwani kwa mtu, mtaa mzima unaingia kutusitiri, na kila anayeingia anamwamkia karani kwa adabu kisha anatua mzigo.

"Vilikuwa uani vinafutwa vumbi," Mama Saidi akamwambia karani, hapepesi hata jicho.

"Vyote vya hapa?"

"Sasa viwe vya nani, baba? Hawa si watu wa kulala njaa, usiwaone hivi."

"Bwana karani," nikajaribu, "vingine ni vya majirani..."

"Ana haya huyo," Mama Saidi akanikata, "kalelewa vizuri." Majirani wote wakaitikia kwamba nimelelewa vizuri. Karani akahamishiwa kitini, akaletewa chai ya maziwa na mkate wa kumimina, akala, akahesabu viti kwa ncha ya kalamu.

"Binti," akasema, "mkubwa wangu wa kazi hana viti kumi na vinne." Akafunga daftari.

Barua ilipokuja niliisoma barazani, mama yupo, Mama Saidi yupo. Familia ina uwezo, msaada hakuna. Mama Saidi akakaa chini pwaa. "Yaa rabi! Basi ni mimi niliyekukosesha chuo," akasema, na akaapa kwamba nitasoma.

Na nilisoma. Mwaka mzima yule mama alitwanga mpunga wa watu, viganja vikamchubuka, ada ikapatikana kwa jasho lake na cherehani ya mama. Viti vyetu vinne havikurudi ndani (vingerudi vipi, na Mama Saidi anajua vimeshauzwa?), mvua na mchwa vikavimaliza kule kule mihogoni. Kila wiki mama ananiambia, "Kamwambie." Nasema kesho. Nikamaliza chuo, nikafundisha, nikaolewa, bado kesho.

Mama Saidi alifariki akiamini kosa ni lake. Siku chache kabla, nimekwenda kumuuguza, akanishika mkono akaniuliza kama nimemsamehe yale ya viti. Nikamwambia nimekusamehe, mama.

Nimeapa sitasema kesho tena kwa jambo la kweli. Lakini nimeapa nikiwa nimechelewa, na wa kumwambia hayupo, ndiyo maana nawaambia nyie.