Vidudu vya Baba

Vidudu alivyoniachia baba viliacha kujikunja asubuhi moja ya kiangazi, na mama akasema vimenizoea.

Nilikumbuka hayo juzi, nilipoinua gogo lililooza nyuma ya jiko langu na harufu yake ikanipanda puani: udongo mweusi, uyoga, mvua ya zamani. Nikakaa chini pale pale. Magoti yangu siku hizi hayapendi kuinuka upesi, na habari yenyewe si ndefu, basi kaeni nami kidogo.

Tuliishi Chapwa, enzi za Mwingereza. Baba alikuwa akijiandaa kuvuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba, kama walivyofanya wanaume wengi wa kwetu. Kabla ya kuondoka alitupasulia kuni za kutosha, na chini ya gogo moja akakuta vidudu vya kijivu, vidogo kuliko punje ya mahindi, vyenye miguu mingi na mgongo wa magamba kama wa kakakuona. Ukivigusa vilijikunja vikawa mviringo kabisa, kama shanga. Akanimiminia kiganjani.

"Sara, hivi ni vyangu. Nikirudi nivikute vizima."

Kwa mtoto, neno kama hilo ni amri. Nikaamua moyoni kwamba vikiwa vizima, naye huko chini ya ardhi ni mzima. Nilimwambia mama hivyo. Aliendelea kupepeta ulezi.

Niliviweka kwenye chungu kilichovunjika mdomo. Mwanzoni nilivimwagia maji kila nilipovikumbuka. Chungu kikanuka, ukungu mweupe ukatanda, vingine vikafa chali. Nikajifunza kulowanisha upande mmoja tu na kuuacha wa pili mkavu, vichague vyenyewe. Nilivipa majani makavu, vipande vya mti uliooza, na ganda la yai lililopondwa, ambalo vilitafuna pole pole hadi likaisha. Juu nilifunika kitambaa kilichochakaa, hewa ipite. Baada ya muda vikazaa, vitoto vyeupe kama chembe za chumvi.

Shangazi, dada yake baba, hakuchoka kunitania. "Wenzio wanafuga kuku, wewe unafuga uchafu! Siku ya harusi yako tutachinja vingapi?"

Mama hakucheka. Mwaka ule alilima peke yake, na jioni alikuwa akila amefumba macho.

Ndipo ikaja asubuhi ile. Nilifunua chungu nikakuta majani mapya na kuta zimesuguliwa. Vidudu vilikuwamo, vinatembea, lakini nilipovigusa vilikimbia. Hakuna hata kimoja kilichojikunja. Tena vilikuwa bapa zaidi, na nyuma vilikuwa na vijimkia viwili ambavyo sikuwahi kuviona.

"Mama, mbona havijikunji?"

"Anayejikunja ni anayeogopa. Wewe vikuogope kwa nini? Vimekuzoea."

Nikafurahi siku nzima.

Baba alirudi baada ya mvua nyingine kupita, amekonda, ana blanketi begani na kikohozi kifuani. Hata hajaketi, nikampelekea chungu.

"Baba, vidudu vyako! Vizima!"

Alichungulia, akakohoa. "Vidudu gani tena, mwanangu?"

Mama alikuwa amemshikia maji ya kunawa. Aliyaweka chini, akaenda kwenye jiwe la kusagia, akaanza kusaga, ingawa unga ulikuwepo.

Shangazi ndiye aliyenieleza, tulipotoka kumzika mama. Siku iliyotangulia asubuhi ile ilikuwa ya kuhifadhi maharage. Sisimizi walikuwa wamekipanda chungu changu, na mama, aliyekuwa akichanganya maharage na majivu yasibunguliwe, akanihurumia, akatupia chungu nacho konzi moja. Kwetu kitu usichotaka kiharibike unakitia majivu. Jioni alipochungulia, vyote vilikuwa vimekauka kama makapi. Mimi nilikuwa nimeshalala.

"Akaniambia, 'Wifi, Sara akiona hivi atasema babake amekufa,'" shangazi alisema. "Kaka alikuwa amekaa kimya muda mrefu hata mimi nilishamlilia moyoni."

Kumbe hofu niliyodhani ni yangu peke yangu ilikuwa ikilala kwenye mkeka wa mama pia, na yeye ndiye aliyekuwa akiamka nayo kwenda shambani.

Shangazi hakufuatana na mama alipotoka usiku ule. Kiangazi kile ardhi ilikuwa ngumu kama tofali, na mimi nilishageuza kila jiwe na kila gogo kutoka kwetu hadi karibu na kijiji cha Mpemba nikivitafutia wenzao, nisipate hata kimoja. Mama alivipata wapi vile vya vijimkia, sijui. Ninachokumbuka ni kwamba alipokuwa akinijibu asubuhi ile, kaniki yake ilikuwa imelowa tope hadi magotini, na kijito cha kwetu kilikuwa kimekauka siku nyingi.