Mama Aliniaga, Nami Nikampigia Makofi

Nilikosa. Nalisema mwanzoni kabisa ili usije ukahangaika kunitafutia utetezi, maana nimeshautafuta mwenyewe hadi nimechoka. Nilimkosea mama yangu mzazi, tena ndani ya nyumba yangu, huku nikijiona mwanamke mwenye akili.

Mimi ni mpishi. Miaka mingi nimepika chakula pale Bariadi, karibu na stendi. Wanangu ni wawili, mapacha wa kike wa miaka tisa. Niwaite Kulwa na Doto. Huku kwetu mapacha wote ni Kulwa na Doto, kwa hiyo hutanijua.

Mwaka jana nikasikia kuna hoteli ya watalii Lamadi inatafuta mpishi. Kupika najua. Tatizo likawa intavyu, kwamba inafanywa kwa Kiingereza! Nikanunua kijitabu cha sentensi rahisi, zile ambazo unabadilisha neno la mwisho tu. I am going to the market. I am going to the clinic. I am going to church. Nikazisema kwenye moshi wa jikoni hadi wateja wakaniita mzungu.

Nikaona peke yangu sitafika. Nikaweka sheria nyumbani: tangu asubuhi hadi chakula cha jioni ni Kiingereza tu. Atakayeteleza anavishwa gunzi la hindi lililofungwa kamba, na atakayekutwa nalo shingoni jioni anaosha vyombo vyote. Na hakuna kutoka mlangoni kabla hujasema kwa Kiingereza unakwenda wapi. Ukisema vizuri, tunakupigia makofi.

Siku za kwanza tulicheka sana, sikatai. Hata baba yao alivaa gunzi akaenda nalo gereji.

Halafu mama akaja kutoka kijijini kwetu, Shishiyu. Presha ilikuwa imempanda, ndugu zangu wakaona akae kwangu awe karibu na kliniki. Mama anaongea Kisukuma. Kiswahili anacho cha sokoni, cha kuulizia chumvi. Nikajiona mwema: nikasema mama aongee atakavyo, sheria haimhusu. Ila watoto wakimjibu, wamjibu kwa Kiingereza.

Jamani, nilikuwa na nini mimi!

Asubuhi ya kwanza mama alitoka chumbani, akasimama, akasema, "Mwangaluka." Ndiyo salamu yetu ya asubuhi. Mtoto wa Kisukuma akiisikia kwa mkubwa anapiga goti na kuiitikia, hafundishwi mara mbili. Wanangu walinitazama mimi, wakatazama gunzi kwenye msumari, wakanyamaza. Mama akarudia. Kulwa akasema "Good morning" kwa sauti ndogo, wakatoka mbio kwenda shule.

Mama alikaa kwenye kigoda akafunga kitenge chake upya, ingawa kilikuwa kimefungwa vizuri.

Baba yao aliniambia jioni ile ile. "Mama Kulwa, huyo ni mama yako. Mtoto anapitaje mbele ya bibi yake bila kuitikia?"

"Ni miezi miwili tu," nikamjibu. "Nikipata kazi, wataongea hadi wachoke."

Wiki zikapita. Mama akawa anasalimia kwa sauti ya chini, kisha akawa anasalimia kuku. Ninalisema hili na aibu imenijaa kifuani. Alikuwa anatoka nje, anawasalimia kuku.

Siku moja nilirudi mapema. Nyuma ya nyumba nikasikia kicheko. Mama amekaa chini, wanangu wamemlalia mapajani, anawasimulia mambo ya ng'ombe wa baba yake kwa Kisukuma, nao wanamjibu kwa Kisukuma. Gunzi limening'inia shingoni mwake! Alikuwa amewaambia wasiogope, waongee naye, gunzi atalivaa yeye na vyombo ataviosha yeye. Mwanamke wa miaka sabini na tatu, mgonjwa wa presha.

Mwenye moyo angekaa chini naye acheke. Mimi nilikasirika. Nikamvua lile gunzi, nikasema, "Mayu, unaniharibia watoto. Na intavyu yangu inakaribia." Mayu ni mama kwa lugha yetu. Nilimwita mama huku namwambia vile.

Akanitazama. "Haya, mwanangu," akasema.

Haikupita wiki. Asubuhi mama akaja mlangoni amevaa kitenge chake kizuri, kifurushi mkononi. Wote tulikuwa pale tunatoka. Akasimama wima, akasema polepole, neno moja moja, "I am going home."

Nikapiga kelele kwa furaha! Mama yangu anasema Kiingereza! Nikampigia makofi, nikawaambia watoto wapige na wao. "Very good, Mayu! Again!" Akarudia. "I am going home." Nikapiga makofi tena. Nikadhani anakwenda jumuiya, kusali na majirani, na sentensi ameokota tu iliyomjia. Nikamshika bega, nikakimbilia kazini.

Niliporudi, kitanda kilikuwa kimetandikwa na shuka zimekunjwa. Dawa zake za presha alizisahau dirishani. Simu ikaita, ni kaka yangu wa Shishiyu.

"Mama kafika huku peke yake. Mbona hujatuambia anakuja?"

"Mimi mwenyewe sikujua! Hajaniaga!"

Nikamsikia kaka akimuuliza pembeni, na mama akijibu. Kaka akarudi kwenye simu. "Anasema alikuaga. Alikuaga mara mbili, kwa lugha unayoitaka."

Doto akaanza kulia. Akaniambia bibi ndiye aliyemwomba amfundishe ile sentensi, wakafanya mazoezi siku tatu kule nyuma kwenye kuku. Doto alidhani bibi anataka kupigiwa makofi kama sisi.

Unadhani nilipanda gari nikamfuata? Wapi! Intavyu ilikuwa Alhamisi. Dawa nilimpa kondakta, nikasema nitakwenda Jumapili nikamwombe radhi. Jumapili hoteli wakataka nianze. Kazi niliipata, ndiyo. Waliniuliza maswali matatu, nikajibu yote.

Nilipika Lamadi siku kumi na nane. Siku ya kumi na tisa kaka akapiga simu: mama ameanguka jikoni. Kiharusi. Kama alikuwa anakunywa zile dawa au la, hakuna anayejua, na mimi nimeacha kuuliza.

Sasa naandika nikiwa Shishiyu. Kazi nimeiacha. Mama amelala, upande wa kulia haufanyi kazi na maneno hayatoki. Namgeuza, namwosha, namlisha uji. Mikono inauma, mgongo unauma, na sina wa kumlaumu. Wanangu wakija likizo wanapiga magoti kando ya kitanda, wanamwambia kila neno la Kisukuma wanalolijua. Anawatazama tu.

Wewe unayesoma na una kijitabu kama changu, sikukatazi. Jifunze Kiingereza, sema sentensi zako hadi ulimi ulainike, si dhambi. Ila mzazi wako akikusalimia asubuhi, acha vyote umwitikie kwa lugha aliyokusalimia. Wala usimnyime mwanao ruhusa ya kumwitikia. Na mzee akikwambia anakwenda nyumbani, kwa lugha yoyote ile, muulize ni nani aliyemchosha.

Kila asubuhi nami nafika mlangoni kwake, napiga goti, nasema, "Mwangaluka, Mayu."

Nasubiri kidogo. Halafu narudia.