Mawimbi Yangu ya Kibenga

Hadi leo naona aibu kupita ufuko wa Kibenga. Nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio ya kazi, bado bila mkataba, nikipima mawimbi ya ziwa kwa kifaa kilichofungwa kwenye jukwaa la mbao linaloelea. Kwa kuogopa kisiibwe, nilikaa hapohapo juu, kompyuta mapajani.

Asubuhi moja ziwa lilitulia kama maji ya beseni, lakini mchoro kwenye kompyuta ulionyesha mawimbi. Nikainuka, nikaanza kutembea huku na huku nikiwaza. Mawimbi yakaongezeka. Wasiwasi nao ukaongezeka, nikatembea zaidi. Mwisho nikapata jibu: ziwa zima linayumba kutokea upande wa Kongo. Kwa ugunduzi kama huo, nani angeninyima mkataba?

Nikamwita mkuu wangu, Madamu Espérance, akaja na wenzangu. Wakabaki ufukoni na kompyuta, mimi nikipitapita juu ya jukwaa nikieleza.

“We, simama kidogo,” akasema.

Nikasimama. Akaangalia mchoro.

“Sasa ruka.”

Nikaruka.

Akawageuzia wenzangu kompyuta. “Muone, Kongo nayo imeruka.”

Nikauliza kwa sauti ndogo, “Na mkataba, Madamu?”

“Tutaongea kesho. Shuka kwanza, ziwa ipumzike.”