Petroli Safi ya Mama Mkwe

Watu walimwita Sikio, kwa sababu injini yoyote mbovu aliiinamia na kuisikiliza kabla hajashika spana. Asubuhi hiyo hakukuwa na cha kusikiliza. Mama mkwe wake alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, mikono kiunoni. Nyuma yake alikuwapo shemeji, mtoto wake wa kwanza, amekumbatia msumeno wa mnyororo kama mshtakiwa aliyebebeshwa ushahidi wa kesi yake mwenyewe.

"Baba, mwanangu huyu ameniulia mashine," mama alisema. "Niliinunua kuukuu lakini nzima. Kaiazima siku moja tu, imezimika. Ifungue, useme mbele yake alichoifanya."

"Mama, nilikata gogo moja. Moja!"

"Nyamaza, hujaulizwa."

Sikio akavuta kamba ya kuwashia. Ikaja bila ubishi wowote, laini kama kamba ya kiatu. Injini yenye pumzi hugoma kidogo na kuurudisha mkono; hii ilikuwa imekata roho. Akafungua ekzosi, akamulika kwa tochi ndani ya tundu la kutolea moshi. Pistoni ilikuwa na mikwaruzo kutoka juu hadi chini, utadhani kuna paka alifungiwa mle ndani. Akang'oa silinda ili autazame upande wa pili, ule unaoingiza hewa. Uling'aa kama kioo.

Lingekuwa vumbi lililopenya kwenye chujio, upande unaong'aa ndio ungeumia. Mikwaruzo ya upande wa moshi ilisema jambo jingine: injini ilikimbia kavu. Ama sili, zile pete za mpira zinazozuia hewa, zilichoka zikaingiza hewa ya wizi, ama mtu alitia petroli tupu, bila oili.

"Ni nini?" mama akauliza.

"Bado naangalia, mama."

Moyoni alikuwa akimwomba Mungu sili zivuje. Sili ikivuja hakuna mwenye kosa, kila mtu anarudi kwake kwa amani. Akairudisha silinda, akaziba matundu yote, akasukuma upepo ndani kwa pampu, akapaka povu la sabuni kuzunguka sili. Hakikutokea hata kiputo. Akapaka tena, safari hii kwa ukarimu. Shemeji naye akainama, wakawa wanalikodolea povu macho kama watu wanaosubiri penalti. Wapi!

Ikabaki njia moja. Alidondosha mafuta ya tangi kwenye karatasi nyeupe, akaiacha juani. Petroli iliyochanganywa na oili huacha doa. Karatasi ilikauka ikabaki nyeupe pe.

"Nani alitia mafuta?" Alimtazama shemeji kwa matumaini.

"Niliikuta tangi limejaa."

"Nilitia mimi," mama akasema, kifua mbele. "Yale aliyoyaacha muuzaji tangini yalikuwa machafu, ya kijani, yanateleza mkononi. Nikamwaga yote. Nikanunua safi, nikayachuja kwa kitambaa."

Kwenye dirisha la nyumba iliyopakana na karakana, mke wa Sikio aliangua kicheko, kisha akakimeza. Sikio alikuna kichwa. Kumwambia mama mkwe amekosea ni kazi ambayo hakuna spana yake.

"Mama, mashine hii haina mahali pake pa oili ya injini kama gari. Oili yake huja ndani ya petroli. Ule ukijani ndio uliokuwa oili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo... imekufa ikiwa safi kabisa."

Mama akaitazama karatasi, akaitazama pistoni, akajifunga kanga upya kiunoni. "Inapona?"

Ilipona. Mikwaruzo mingi ya silinda ilikuwa ni alumini ya pistoni iliyoyeyuka na kuganda. Sikio aliisugua taratibu kwa msasa laini, na chini yake ukuta ulikuwa mzima. Akafunga pistoni mpya na ringi mpya. Mafuta aliyachanganya mama mwenyewe, akipima oili kwa jicho kali, wala hakutaka kusaidiwa. Akavuta kamba. Mashine ikanguruma, ikawafunika wote kwa moshi, naye akacheka kama msichana.

Alipoizima, alimgeukia mwanawe.

"Nimekusamehe," alisema.

Shemeji akafungua mdomo. Sikio akamkanyaga mguu.

"Asante, mama," shemeji akasema.