Mama Aliyegeukia Sinki

Jumanne, kwenye chumba cha nyaraka katika mji wa Upper Marlboro, Marekani, nilikaa karibu na bibi mmoja Mmarekani mweusi na dada wa Kikenya anayemtunza. Walikuwa wakipekua albamu ya picha za nyumba za miaka ya hamsini. Bibi akaweka kidole juu ya picha ya jiko moja lenye friji mpya na mwanamke mwenye aproni aliyegeukia sinki.

"Huyu ni mama yangu. Sina picha yake nyingine."

Maelezo chini ya picha yalimtaja mwenye nyumba, hata kampuni iliyotengeneza friji. Mama, mfanyakazi wa humo, hakutajwa. Bibi akamwomba karani wa nyaraka aongeze jina la mama yake.

"Una ushahidi?" karani akauliza kwa upole. "Uso hauonekani."

"Akirudi nyumbani aliosha vyombo vyetu pia. Mgongo huo naujua."

Karani akatikisa kichwa. Bibi akafunga albamu taratibu.

Yule dada akaniinamia. "Mimi nikipigwa picha na familia ninazofanyia kazi, huambiwa nisogee kando kidogo."

Katika safu hii yangu ya gazeti huwa sitaji majina ya watu. Wiki hii, desturi hiyo inanitia haya.