Siku Niliyolala Kwenye Shimo la Mwalimu

Walimu hawakai kwetu. Nalisema hilo mwanzoni, mtu asije akadhani namsifia yule binti kwa sababu alilala nyumbani kwangu. Huku mwambao wa Ziwa Nyasa, ukishaipita Lipingo na barabara ikaanza kuwa mawe matupu, walimu wanakuja na begi, wanakaa mpaka likizo, halafu wanaugua. Kila mmoja na ugonjwa wake. Kuna mmoja alikuwa anapanda juu ya jiwe kubwa la ufukweni, simu kaiinua, anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Haloo? Haloo? Mama, huku hakuna mtandao, mama, nakufa!" Hakufa. Alihamishiwa mjini, akanenepa.

Huyu ninayemsema alikuwa Mmatengo, wa milimani huko upande wa Mpepai, kwenye kahawa na baridi. Alikuja masika, korongo limekata barabara, pikipiki ikamwacha njiani, wakampakia kwenye boti pamoja na magunia ya watu. Maji alikuwa hajayazoea. Walipofika, wavuvi walimbandua vidole kimoja kimoja kwenye ubao wa boti. Mimi nilikuwa naanika usipa, vile visamaki vyetu vidogo, nikamwona anakuja mchangani anapepesuka, sketi imelowa. Akapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kufundisha watoto au kuwatapikia samaki wetu?"

Wenzake niliowatania hivyo walinuna. Huyu akacheka mpaka akakaa chini kwenye usipa wangu. Nikasema haya, na huyu tumwone.

Nyumba ya mwalimu upepo ulikuwa umeng'oa bati, basi akakaa kwangu. Walimpa darasa la kwanza. Watoto wamejaa mpaka mlangoni, wamekaa sakafuni, na Kiswahili wanachojua ni cha kutumwa dukani tu. Wao Kinyasa, yeye Kimatengo. Akawa anawasemesha Kiswahili polepole, anavuta maneno kama mtu anayepandisha mlima na mzigo: "Haya-a, watoto-o, tuseme-e woteee."

Mimi shule sikwenda. Baba yangu alikataa, na sauti yake ninayo mpaka leo, ya kukwaruza: "Msichana akijua kuandika ataandikia wanaume!" Nimezeeka sijamwandikia mwanaume hata mmoja, na walinipata hivyo hivyo. Kwa hiyo nilikuwa nachukua kapu langu la muhogo nakaa nje ya ukuta wa darasa, namenya, nasikiliza. Jioni namwigizia mwenyewe: "Wewe wa nyumaaa, hizo kamasi-i unazihifadhi za nini?" Anashika mbavu. "Bibi, kumbe naongea hivyo?" Unaongea hivyo, mwanangu, sema hakuna aliyekuambia.

Mjukuu wangu alikuwa humo darasani. Siku moja napika, yeye kachutama karibu na jiko, kashika paketi. Akasema, "Chu. M. Vi. Chumvi." Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikaimwaga chumvi yote kwenye kopo, paketi nikaipeleka chumbani kwangu. Nyumba ile haijawahi kuwa na mtu anayesoma. Watu wanasema, ah, ni chumvi tu. Chumvi tu kwako wewe.

Mwaka ukaisha, likizo ikafika, akapanda pikipiki kwenda kwao. Kijiji kizima kikasema kwaheri ya huyo. Mwenyekiti wetu wa kijiji, anayeongea kila siku kama yuko kwenye kipaza sauti, akanipitia: "Bibi! Mpangaji wako! Ndiyo kwaheri, harudi huyo!" Shule ilipofunguliwa, binti huyoo, anateremka kwenye boti, bado kafumba macho, kaukunja uso wote, na begani ana mfuko wa maharage ya mbegu. Darasa akapanda nalo lile lile, sasa la pili.

"Bibi, ugali wa muhogo nimejitahidi," akasema. "Lakini nipe kaeneo nilime maharage."

Nikampa ule mteremko wa marehemu mume wangu, juu ya makaburi ya kanisa. Watu walishaukataa. Ukilima pale, mvua moja tu, udongo wote unateremka kwenda kuogelea ziwani.

Sasa Wamatengo tunawajua, tunawauzia usipa, wanatuuzia maharage. Ukienda Mbinga mashamba yao unayaona kwa mbali, mlima mzima una vishimo kama sega la nyuki. Wao wanaita ngolo. Lakini kuona mlima wa watu ni jambo moja, na kuamka ukaviona juu ya kijiji chako ni jambo jingine.

Alianza masika yalipokaribia kuisha, kila akitoka shule. Anafyeka majani, anayalaza mistari, mingine inakatiza, mpaka yanakuwa vyumba vyumba. Kisha anachimba katikati ya kila chumba, udongo anaurusha juu ya majani pande zote. Panabaki shimo katikati, na matuta yamelizunguka.

"Mwalimu, unazika panya?"

"Bibi, kwetu kulaza majani ni kazi ya wanaume, kuchimba ni ya wanawake. Hapa sina mwanaume, nafanya zote."

"Usihangaike. Mimi ninaye kaburini hapo chini, nikimwita hashuki wala hapandi."

Akanieleza kwamba mvua ikinyesha maji yanakaa shimoni, udongo haukimbii, na majani yanaoza chini ya tuta yanalisha maharage. Basi. Mashimo yanabaki wazi msimu wote.

Hapo ndipo tulipokosea wote wawili, yeye kwa kutokujua na mimi kwa kutokufikiri. Kwetu kaburi halilali wazi. Likichimbwa leo linazikiwa leo. Likilala wazi linatafuta mtu, na humpata. Ndivyo tulivyokua.

Wa kwanza kuyaona mashimo alikuwa binamu yangu mvuvi, alikuwa anarudi ziwani alfajiri na mtumbwi mtupu, maana usipa walikuwa wamepotea mwezi huo. Huyu hasemi neno kabla ya kukohoa. "Khe! Khe! Jamani, mmeona juu ya makaburi? Mashimo! Khe! Yamelala wazi!" Kufika mchana, mtu mwingine kayahesabu, kasema yanalingana na watoto wa darasa la mwalimu. Nani kakuambia uhesabu? Na ulihesabu toka kwenye boti?

Kesho yake watoto hawakwenda shule. Keshokutwa alikwenda mjukuu wangu peke yake. Mwalimu akamfundisha huyo mmoja, chumba kizima kitupu. Siku iliyofuata nikamkuta kakalia begi lake mlangoni kwangu, kashaagiza pikipiki ije.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, bibi. Siwezi kufundisha kuta."

"Hawa ni wajinga tu, watapoa."

"Wameniita mchawi, bibi. Mama mmoja kamfunika mtoto kanga usoni nilipopita."

Hakulia. Angelia ningembembeleza. Alikuwa amechoka tu, na hilo sina dawa yake. Mara nikawasikia wanaume wanapita na majembe, mwenyekiti mbele: "Ndugu wananchi! Zoezi la kufukia! Ni dogo tu!"

Mimi nina miguu mibovu. Siku hiyo ilipanda ule mteremko kama ya mbuzi. Nikawapita kwenye makaburi, nikafika juu, nikachagua shimo la katikati, nikaingia, nikalala chali.

"Bibi, toka humo," akasema mwenyekiti, safari hii bila kipaza sauti.

"Sitoki. Mmesema kaburi linatafuta mtu. Haya, limempata. Fukieni."

"Khe! Bibi anachezea kifo huyu!"

"Kifo nasalimiana nacho kila asubuhi, binamu. Wewe ndiye unayekikimbia kwenye vichaka."

Wanawake walikuwa wameshafika nao, na vichwani wana beseni. Mmoja akacheka. Maana lile shimo ni la mraba, fupi, kina chake hakifiki gotini. Kichwa changu kilikuwa kwenye tuta, na miguu yote imepita tuta la pili inaning'inia kwa jirani.

"Mwenyekiti, na miguu je? Mtaizika Malawi?" akauliza yule aliyecheka.

Hapo wakacheka wengi. Mimi sikucheka. Mvua ya jana yake ilikuwa imekaa humo shimoni, mgongo wangu wote umelowa tope, baridi imeniingia mpaka kwenye meno. Nikawaambia, "Maji ndiyo yaliyomo humu. Uchawi sijaukuta, labda nimeulalia."

"Bibi, tufukie kwanza, halafu tutakaa tujadili."

"Fukia. Anza wewe. Jembe la kwanza."

Mwenyekiti akamwangalia binamu yangu. Binamu akamwangalia aliyebeba jembe. Aliyebeba jembe akaangalia ziwa. Kwetu nani atammwagia udongo mtu mzima aliye hai, tena anayemtazama, tena aliyemwogesha utotoni? Wakasimama. Jua likapanda. Mmoja akakumbuka nyavu zake. Mwingine akakumbuka mkewe. Mimi nimelala.

Chini pikipiki ikapiga honi. Nikasikia viatu vya mtu anapanda mbio, nikajua ni vya shule. Mwalimu akafika anahema, akaniona.

"Bibi! Umeanguka?"

"Nimelala. Kazi yako hii mbona nusu? Upande ule haujachimbwa."

Akautazama upande ule. Kisha akamgeukia yule wa jembe, "Naomba-a, kaka-a." Yule akampa, mjinga, alidhani anataka kufukia. Binti akaenda upande ule akaanza kuchimba shimo jipya. Pikipiki ikapiga honi, ikapiga tena, halafu nikaisikia inaondoka.

Msidhani waliimba tukarudi nyumbani kwa vigelegele. Binamu yangu alitema mate akasema sote wawili tutaona. Nilikohoa wiki nzima, akasema ameshatabiri. Jumatatu darasani walikuja wachache, wote wangeenea kwenye mkeka mmoja. Mwalimu akaanza nao. "Haya-a, tuseme-e." Baada ya siku chache wengine wakawa wanachungulia dirishani, halafu wanaingia, wanajifanya wamesukumwa. Mmoja wao alikuwa binti wa binamu yangu.

Baba yake akaja kumtoa. Nilimwona kwa mbali, anapandisha kutoka ufukweni, kasia bado liko mkononi. Nikabeba kigoda changu kutoka ukutani, nikakiweka katikati ya mlango wa darasa, nikakaa.

"Khe! Sogea, bibi."

"Khe!" nikamjibu, kwa sauti yake hasa, mpaka watoto ndani wakadhani ni yeye kakohoa mara mbili. "Pita basi."

Akasimama. Akakohoa. Kapu langu lilikuwa limejaa muhogo wa kumenya mpaka jioni.